Bati la Dirishani

Jumatatu, 8 Machi 2004

Mvua. Tukuyu na mvua, nani atamwambia mwenzake nyamaza.

Mtambo wa redio umekufa tena mara mbili leo, kila niliposhuka bondeni kusoma mita. Meneja Benedicto anataka ripoti, na kichwa changu kimejaa uji. Ngoja niupange hapa kwanza, nyuma ya daftari la vipimo, ambako hachungulii mtu.

Maboksi ni matatu. La kwanza liko mlimani kwenye tanki, linapima maji. La pili liko bondeni kwenye nyumba ya pampu. La tatu liko hapa kiwandani, chumba cha boila — ndilo getiwei. Linasikiliza wenzake wawili kwa redio na kuiambia kompyuta. Maji yakipungua tankini, pampu iwake yenyewe. Yakijaa, izime. Hakuna tena kupiga kelele kwenye redio ya upepo: washa! zima! nimesema zima!

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu yangu. Nilikuwa nimeyapa maboksi ya mlimani na bondeni namba moja. Ukiita mmoja wanaitika wote wawili, wanakatana maneno kama wakwe kwenye harusi. Nikabadilisha namba, yakanyamaza kwa zamu, nikajiona injinia.

Sasa hili la bondeni linakufa na kufufuka lenyewe. Nguzo ya antena bado iko Dar, bandarini, Mungu anajua kontena gani. Injinia wa waliotuuzia mtambo alipokuja aliweka antena fupi ya muda, akisaidiwa na Amoni, msaidizi wangu. Mimi nilikuwa hapa kwenye kompyuta, nasoma namba. Siku ile mawimbi yalikuwa safi kabisa!

Keshokutwa nashuka tena, na vifaa vyote vya kupimia.

Jumatano, 10 Machi 2004

Nimeshuka. Kwanza Amoni alipiga redio ya upepo: "Fundi anashuka, mzee." Ndio utaratibu wetu, mimi ndiye niliyeuomba. Maana anayetunza pampu ile, mwaka wa ishirini na saba sasa, ni Baba Mkwe.

Na Baba Mkwe na mimi hatuonani. Si ugomvi! Ni heshima. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki. Wenye mila tunaita ukutila. Wasichana wa siku hizi wanacheka, na mchungaji anasema si lazima. Lakini Baba Mkwe ni wa zamani, na mimi nililelewa na bibi wa zamani kuliko yeye. Miaka kumi na moja ya ndoa, uso wake siujui. Nakijua kikohozi chake. Akipita njia niliyopo hukohoa mara tatu, kwa mapumziko, kama mtu anayebisha hodi. Ya kwanza, naweka chini nilichobeba. Ya pili, naingia migombani. Ya tatu, yeye anapita.

Sauti yake naijua kwa redio. Akianza kuongea na Amoni natoka chumbani. Natoka polepole lakini, ili nidake maneno mawili matatu.

Basi, nimefika. Hayupo, katokea mlango wa nyuma. Kigoda bado cha moto. Juu ya boksi la vifaa pameachwa hindi la kuchoma, limefunikwa jani la mgomba. Langu hilo. Kila nikishuka nakuta kitu: parachichi, ndizi mbivu, siku moja mawe yamepangwa kwenye tope ili nisiteleze. Nami huwa naacha betri za redio yake au kipande cha sabuni. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana.

Taa ya boksi — nyekundu. Nimepima betri, nzima. Waya, mzima. Kiungio cha antena nimekikausha kwa kitambaa hadi kikang'aa. Chaneli sawa, namba sawa. Giza tupu humo ndani, dirisha lenyewe ni la bati, nimefanya kazi na tochi mdomoni. Nyekundu tu.

Nimepanda nikihema. Amoni ananiambia boksi limepona nusu saa iliyopita. Nilipokuwa njiani! Nilitaka kumpiga na spana.

Ijumaa, 12 Machi 2004

Leo nimemtuma Amoni. Kashuka, kakuta kijani. Kakaa saa nzima, kijani. Kala na ndizi zangu.

Mchana nimeshuka mimi na antena mpya. Nyekundu.

Amoni anasema boksi linaniogopa. Anasema nina uso wa mwalimu wa hesabu. Wanawake wa kuchambua chai nao wamelidaka, leo kila nikipita, "Tupokigwe, usitazame mashine yetu!" Nimecheka nao. Chooni nimekaa peke yangu, sikucheka. Fundi wa kike kiwandani hapa ni mmoja, na ni mimi.

Jumanne, 16 Machi 2004

Siku mbaya.

Jana nilishinda bondeni muda wa saa nne. Nilishaamua kwamba wabaya ni migomba — majani yamelowa, yanakunywa mawimbi. Nikakata migomba mitano kati ya nyumba ya pampu na mlima. Ya Mama Mkwe! Nilimwomba ruhusa baada ya kukata, kama mwizi mstaarabu. Haikusaidia kitu. Nyekundu.

Na kosa langu kubwa: boksi likikosa habari, pampu husimama yenyewe, ndivyo ilivyopangwa. Nilitakiwa kuirudisha kwenye swichi ya mkono kabla sijaanza kufungua-fungua. Nikasahau. Tanki likakauka. Boila ikazimwa. Majani mabichi ya wakulima wa Suma na Kisondela yakalala kwenye vitanda vya kunyaushia mpaka yakaanza kunuka.

Leo Benedicto ameniita. Kachapisha kumbukumbu za kompyuta, mistari mirefu, dakika kwa dakika. Sikujua kama anazisoma. Kasema: tazama, siku zote mtambo unakufa fundi anaposhuka. Na fundi akifika, mzee hayupo. Fundi akiondoka, mzee karudi na mtambo umepona. Basi nani anauzima?

Nikafuatisha mistari kwa kidole.

Kasema mzee anajua mtambo huu ukifanya kazi yeye hana kazi, na kiwanda hakiwezi kukaa na mtu anayehujumu. Tangu kiwanda kiuzwe tumeshazoea neno "kupunguzwa", lakini hili la kuhujumu ni lingine. Hilo mtu anakwenda nalo mpaka kaburini. Barua itachapwa Jumanne ijayo, injinia akiwa njiani kuja kukabidhi.

Nilimwambia kosa la swichi ni langu. Akasema naona unamtetea mkwe wako. Nikakasirika hadi masikio yakaniwaka. Siwezi kumtetea mtu kwa hindi la kuchoma.

Ijumaa, 19 Machi 2004

Meshaki karudi na lori la majani, kalowa. Nimemweleza mume wangu habari ya baba yake. Hakukasirika, alikaa tu anakamua kofia. Kasema Baba akiondolewa pale atakufa mwaka huohuo. Kasema alipokuwa mdogo walikuwa wanampelekea chakula kwenye pampu, wanamkuta anaongea nayo. Anaiita Mama Mdogo. Mama Mkwe mpaka leo akimtafuta huuliza: yuko kwa mke mwenzangu?

Nikamuuliza Meshaki, taratibu: anaweza kuuzima? Alinitazama mpaka nikaona haya.

Mwanetu kachora pampu kwa mkaa ukutani. Ana jina la babu yake, kwa hiyo hata mwanangu simwiti jina. Namwita Mzee. Miaka tisa, Mzee! Anaitika kama mzee kweli. Nimemfokea kwa ajili ya ukuta, kisha nimeuacha mchoro.

Jumatatu, 22 Machi 2004

Nimeipata. Nimeipata! Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi betri ya redio ya upepo ya Amoni imekufa. Mvua kubwa. Nikasema sisubiri, nashuka bila taarifa, nitakohoa mimi safari hii. Nikamwacha Amoni kwenye kompyuta, nikamwambia aandike saa kamili ya kila badiliko.

Nimeshuka kwa njia ya chini. Nikatokea kwenye kona ya mparachichi — na mbele yangu kuna dirisha. Dirisha wazi! Bila bati! Na antena imesimama pale kwenye kizingiti, inatazama mlima kama injinia alivyoiweka. Na ndani mgongo wa mtu, koti la kijivu, ameinama anaifuta pampu.

Nikaruka migombani. Nilianguka, goti hili hapa limevimba. Sijui alisikia kishindo au alisikia mila yenyewe. Kidogo tu — ngwaa! Bati likasimama dirishani. Nikasikia mlango wa nyuma. Kimya.

Nilikaa kwenye tope nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena.

Anaziba dirisha kwa ajili yangu! Njia inapita mbele ya dirisha, nami nikishuka nitamwona. Amoni akipiga redio, "fundi anashuka", yeye anasimamisha bati lake. Nikiondoka, analitoa. Mimi sijawahi kuliona dirisha lile likiwa wazi, nilidhani limeumbwa hivyo. Amoni hajawahi kuliona limezibwa, maana yeye si mkamwana wa mtu. Na bati kati ya antena na mlima — hata mtoto wa darasa la sita angejua. Mawimbi hayapenyi bati!

Kikulacho ki nguoni mwako. Taarifa yangu ya heshima ndiyo inayoua mtambo.

Nilipopanda Amoni kaniwekea karatasi: limekufa saa nne na dakika ishirini na mbili. Saa yangu ilisimama nilipoanguka. Saa nne na ishirini na mbili.

Leo aliniachia nini? Hakuwa na muda wa kuniachia kitu. Nimemwachia betri.

Jumanne, 23 Machi 2004

Nimemwambia Benedicto. Yote. Nimesimama, sikukaa.

Alisikiliza kalamu mdomoni. Ni mtu wa Morogoro, si mbaya, lakini alicheka. Aliuliza, dunia hii ya leo, fundi mzima wa umeme, unakimbilia migombani? Nikamjibu kwamba heshima si utumwa, na kwamba nimepanda nguzo nyingi kuliko yeye alizozihesabu, nikashuka, nikakimbilia migombani. Sijui nilipata wapi mdomo ule.

Akaacha kucheka. Akasema sawa, thibitisha. Na akaongeza jambo. Injinia anafika kesho kutwa, Ijumaa anakabidhi. Kwenye fomu kuna nafasi ya mtunzaji wa kituo cha bondeni, mtu wa kufuta vumbi, kuangalia taa, kuwasha kwa mkono redio ikikatika. Kituo kisipokuwa na mtunzaji, nafasi ile inafutwa. Fundi anaandika jina la mtunzaji. Kisha fundi na mtunzaji wanatia sahihi, meza moja, mbele ya injinia, saa nne kamili.

Nikasema Amoni atasaini kwa niaba yangu. Akasema Amoni hakufunga mtambo. Nikasema basi tuingie kwa zamu. Akasema kwenye kituo kile watafanya kazi watu wawili, na kama hawawezi kukaa chumba kimoja dakika tano, yeye nafasi ile anaifuta. Barua ipo kwenye droo. Alinionyesha droo. Droo tu, hakuifungua.

Jumatano, 24 Machi 2004

Mama Mkwe ndiye daraja letu. Jana nilimweleza yote akichambua maharage. Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Majitu mazima mawili yamefungana kamba!" Kisha akasema, na migomba yangu mitano je? Nikamwamkia upya kwa magoti.

Nilitaka kutoa kitenge changu kiwe pazia. Akanipiga mkono. Nguo ya mkamwana, dirishani kwa baba mkwe? Nimesahau adabu kwa ajili ya mawimbi!

Asubuhi nimeshuka, na taarifa ya Amoni kama kawaida. Dirishani — pazia la gunia. Gunia la chai, limefuliwa, limepindwa pindo kwa uzi wa kushonea viroba, mishono imenyooka kama ya fundi cherehani. Kashona mwenyewe, alfajiri. Na taa ya boksi: kijani! Kijani nikiwa nimesimama mbele yake! Nimelipiga busu boksi, hakuna aliyeniona.

Kumbe yupo aliyesikia. Baba Mkwe hakwenda mbali leo, alikuwa nyuma ya mlango, upande wa nje. Jaribio linahitaji watu wawili, mmoja ashike swichi na koki za nje, mmoja asome namba ndani. Nilikuwa nawaza nitamwita nani. Nikasikia sauti, ileile ya redioni, lakini nzito zaidi na karibu.

"Mama Mdogo," aliiambia pampu, "waulize hao waliomo ndani kama niwashe sasa."

Nikapata akili. Nikaitazama pampu. Nikasema, "Mama Mdogo, waambie walioko nje wawashe, na ndaga fijo, asante sana."

Tumefanya kazi hivyo dakika arobaini. Washa, Mama Mdogo. Imesoma sabini na moja, Mama Mdogo. Mama Mdogo, waambie hao wasichoke, pana chai kwenye chupa hapo kwenye kigoda. Mawimbi hayakukatika hata mara moja. Nimefanya kazi na mafundi wengi, wengine wana vyeti vya kufunika ukuta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkono wa utulivu kama ule. Nikisema robo, inakuwa robo.

Nampenda mzee yule. Naliandika hapa kwa kuwa mahali pengine siwezi kulisema, si kwake, na kwa pampu ingekuwa kichekesho.

Alhamisi, 25 Machi 2004

Injinia kafika. Kakagua kumbukumbu za jana na leo, kasema safi. Ameniuliza nilitatuaje. Nikasema kizuizi dirishani. Akaandika "kizuizi dirishani".

Jioni Mama Mkwe kaja na ndizi kichwani na jibu la mumewe juu ya kesho. Nilikuwa nimemtuma kumwambia yote: meza moja, saa nne, jina, sahihi. Nikamwambia amwambie pia kwamba nikikaa chumba kile sitakuwa nimemdharau, na nisipokaa nitakuwa nimemfukuza kazi. Kwamba sijui lipi ni adabu.

Kasema Baba Mkwe kwanza alikunywa chai yake yote. Kisha akasema kuandika jina si kulitamka, aliandike. Na kuhusu chumba akasema hivi, Mama Mkwe alirudia mara mbili nisije nikakosea: "Nitakuja. Nitakohoa kama siku zote. Yeye mwenyewe atajua."

Ndiyo hayo tu. Nikamuuliza Mama Mkwe, maana yake nini? Akasema mwanangu, mimi nimekaa naye miaka arobaini, na bado huwa nasubiri kuona.

Ijumaa, 26 Machi 2004

Saa tatu na dakika hamsini. Ofisi ya Meneja. Injinia anadhani naandika vipimo.

Viti viwili upande huu wa meza. Nimekaa cha dirishani. Nimejifunga kitenge juu ya ovaroli, Amoni kanitazama, hakutania. Droo ipo pale, mkono wa Benedicto upo juu yake, labda haujui kwamba upo.

Fomu mbele yangu. Aina ya mtambo, nimejaza. Namba za maboksi, moja, mbili, tatu, nimejaza. Nguvu ya mawimbi, sabini na moja. Mtunzaji wa kituo — nimejaza. Herufi kubwa, zote, polepole. Sijawahi kuliandika maishani. Hapa silirudii. Linapendeza likiandikwa. Mzee wangu mdogo nyumbani analiandika kila siku kwenye madaftari yake, nami sikuwahi kulitazama vizuri.

Mvua imesimama. Nasikia buti kwenye kokoto. Mtu anafuta matope kwenye ngazi, anafuta sana, kuliko ngazi ile inavyostahili.

Amekohoa.

Nimeweka kalamu chini. Mkono umeiweka wenyewe. Nimeichukua tena.

Benedicto kauliza, ndiye yeye? Nimeitikia kwa kichwa. Mlango wa pembeni uko wazi, hatua nne, nje kuna migomba.

Amekohoa mara ya pili. Yuko mlangoni, naona kivuli cha koti kwenye sakafu. Anasubiri, ananipa muda, kama miaka yote kumi na moja. Ananipa muda mrefu kuliko siku zote.

Bado nimekaa. Ya tatu ikija, siinuki.